Karai la Harusi na Puri za Kisutu

Kibiti nzima inajua nani anakaanga bagia. Sisemi kwa kujisifu, ingawa nikijisifu pia sitakuwa nimekosea. Bagia zangu za kunde zimewahi kulichelewesha basi la Mtwara mpaka abiria wakaanza kuulizana kama dereva ameoa hapa. Kachori zangu zikianza kunukia, mbuzi wa mtaa wa pili huacha majani wakasimama. Na kwa wakwe zangu, tangu niolewe, hakuna harusi wala hitima wala mtoto aliyetoka jando ambaye wageni wake hawakuanza na vitafunwa vya karai langu. Kwetu karai la shughuli hushikwa na mtu mmoja. Wengine watakuna nazi, watapepeta mchele, watapiga vigelegele, lakini anayesimama mbele ya mafuta ni yule aliyetajwa na mama mkwe, na akishatajwa, hata mama mkwe mwenyewe hatii kijiko chake pale.

Kwa hiyo mtaelewa nilivyojisikia siku wifi yangu aliposema harusi hii tubadilishe.

Wifi yangu ni mdogo wake mume wangu. Anaishi Dar es Salaam, anauza vitambaa katika duka moja Kisutu, na kila akija Kibiti huja na habari za vyakula vya Kihindi vinavyouzwa pale mtaani kwao. "Wifi, ungeonja pani puri," ataniambia nimeinama juu ya moto, jasho linanitoka kama Rufiji ya masika. "Wifi, ungeonja vadapau." Mimi humjibu kwamba hata mimi nakaanga. Naye husema, "Ndiyo, wifi, unakaanga," kwa sauti ile ya kumsifu mtoto aliyejifunga viatu mwenyewe.

Sauti hiyo ndiyo iliyonitia wivu, kabla hata sijakiona hicho chakula.

Harusi ilikuwa ya binti wa shemeji yangu, na upande wa bwana harusi walikuwa watu wa Ikwiriri, watu wa mpunga na ufuta, wanaojua kula na wanaojua kusema baada ya kula. Wifi akamwambia mama yake mbele yangu, "Mama, hawa bagia wanazo kwao. Tuwape vya Kihindi. Karai nitashika mimi."

Mama mkwe alikuwa anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinua macho.

"Wewe unataka, mwenzio hataki," akasema. "Nendeni wote wawili huko Dar mkale. Mkirudi mtaniambia."

Hivyo ndivyo nilivyopanda basi kwenda kula. Katika ukoo wetu, na pengine katika wilaya, mimi ndiye mtu wa kwanza kusafirishwa kwa ajili ya ulimi. Moyoni nilikuwa nimeshaamua: nitakula kila kitu, na hakuna nitakachokipenda.

Wifi alinitembeza Kisutu kama mtu anayemwonyesha mgeni vyumba vya nyumba yake. Tukaanza na bagia za viazi, vipande vyembamba vilivyovikwa unga wa dengu, na chatini ya nazi pembeni, nyeupe kama kanzu ya Idi. Nikatafuta kasoro. Kiazi kimeiva. Mafuta hayagandi mdomoni. Nikasema, "Chatini nyepesi." Tukaenda kwenye vadapau, yaani kiazi kilichopondwa na viungo, kikaviringwa, kikakaangwa, kikabanwa katikati ya mkate pamoja na pilipili na kitunguu saumu.

"Wanga juu ya wanga," nikasema. Mimi nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, mtoto mgongoni, na mada ya lishe niliipata vizuri.

"Na wewe ukila wali na muhogo, wifi, huwa unakula nini?"

Wakati huo mdomo wangu ulikuwa umejaa.

Kwenye jelebi nilisimama muda mrefu kuliko ilivyofaa. Mkaangaji alikuwa anaminya uji wa unga kutoka kwenye kitambaa chenye tundu, mkono unazunguka, unazunguka, duara ndani ya duara, kisha anaziopoa na kuzizamisha kwenye shira. Mafuta yake yalikuwa safi, unauona mpaka upande wa chini wa karai. Ya kwangu, jua likishapanda, ni meusi kama maji ya mikokoni. Nimewahi kumwonea mtu wivu wa nyumba, wa kitenge, hata wa mume mara moja au mbili, lakini wivu wa mafuta ulikuwa wa kwanza.

Na kilichonichoma zaidi ni wale wanawake wa mjini. Wanatoka kazini, wanasimama, wanakula, wanafuta midomo, wanakwenda zao. Hakuna anayewauliza wamewaachia nini wa nyumbani. Mimi nakaanga tangu alfajiri, na bagia ninayoila mwenyewe ni ile iliyovunjika.

Tukafika kwenye pani puri. Mwenye meza alikuwa mzee wa Kihindi mwenye miwani. Alipomwona wifi akasema, "Leo umechelewa, binti."

Binti. Wateja wangu, walioanza kula bagia zangu hawajaota ndevu, mpaka leo huniita "wee mama bagia".

Puri ni kiputo kidogo cha unga kilichokaangwa kikavimba, ganda lake jembamba kama la yai. Mzee hukitoboa kwa kidole gumba, akatia viazi na dengu, akakichovya kwenye maji baridi ya nanaa, ukwaju na pilipili, kisha akakuwekea kiganjani. Hapo kiganjani ndipo ustaarabu wa Kibiti uliponiponza.

Kwetu hupeleki chakula mdomoni mwenzako hajapata. Mkiwa kwenye sinia moja, mkiwa mmesimama, ukimtangulia mwenzio wewe ni mlafi, na habari itafika kwenu kabla yako. Pale mezani tulikuwa mimi, wifi, na mabwana watatu wa ofisini wenye tai. Mzee akaniwekea mimi wa kwanza kwa kuwa mgeni. Nikashika. Wifi akapewa, akameza papo hapo. Nikasema moyoni, mji umemharibu. Nikaendelea kuwasubiri wale mabwana.

"Mama, kula," mzee akasema.

"Bado wenzangu."

"Kila mtu anakula yake, mama."

"Najua, baba. Wapate kwanza."

Puri haina subira. Ililegea, ikafunguka kiganjani, maji yakapita katikati ya vidole, yakaingia mkono wa baibui, yakashuka mpaka kiwikoni, na naapa baridi yake niliisikia kwenye kisigino. Mabwana wa tai wakageukia ukutani kwa adabu, mabega yakitikisika. Wifi hakugeuka.

"Wifi, umekaribishwa kula, hukukaribishwa kuoga."

"Nilikuwa nakungoja wewe."

"Mimi nipo kwenye ya pili."

"Ndiyo, nimeona. Hivi wewe ulilelewa na nani?"

"Na mama mkwe wako."

Mzee akanitengenezea nyingine, akaniwekea, akaonyesha mdomo wake kwa kidole. Safari hii nikaitia yote. Ganda likavunjika na mdomo mzima ukajaa: kwanza baridi, kisha ukwaju, kisha pilipili ikaja taratibu kama mgeni anayepiga hodi ameshaingia ndani. Mwalimu wetu wa baiolojia, kijana wa bara, alitufundisha kwamba mate hutangulia chakula. Hakutufundisha kwamba machozi hufuata.

"Wifi, unalia?"

"Pilipili."

Haikuwa pilipili. Nilikuwa nawaza miaka yote niliyosimama mbele ya mafuta nikijua nimefika mwisho wa utamu, kumbe kitu hiki kipo, safari ya asubuhi moja tu, na huyu anakila kila jioni akitoka dukani kama mtu anayekunywa maji. Nikanyoosha kiganja tena.

Njiani kurudi, kutoka Mkuranga mpaka Bungu, nilikuwa napanga hoja. Maji yatapata joto. Ganda halitahimili hewa ya Kibiti. Wazee hawatapanua midomo kiasi kile mbele ya wakwe wapya. Hoja nzito, mahakama ya rufaa ingenipa haki bila kwenda mapumziko. Wifi alikuwa amelala begani kwangu, ananukia nanaa.

Mama mkwe alitupokea, akatukalisha mkekani, akanigeukia mimi.

"Wewe ndiye mwenye karai. Sema."

Nikakohoa nianze. Akainua mkono.

"Sitaki hotuba, mwanangu. Ulirudia?"

Kwetu chakula husifiwa hata kikiwa kibaya, maana mpishi ana moyo. Mdomo hauaminiwi. Kinachoaminiwa ni kama mtu aliomba tena.

"Nilirudia, mama."

"Mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

Wifi akachekea puani. Mama mkwe akavuta ungo wake. "Basi karai atashika mwenzio. Wewe utakaa na wageni."

"Hata bagia kidogo tu pembeni?"

"Karai moja, mtu mmoja. Unajua."

Najua. Ni sheria iliyonilinda mimi miaka yote.

Siku ya harusi nikavaa, nikakaa mkekani na wanawake wa Ikwiriri, mikono mapajani haijui pa kwenda. Mafuta yalikuwa yanalia nyuma ya ua wa makuti, na kwa mlio wake tu nilijua moto umezidi. Miguu ikainuka yenyewe. Nikaikalisha. Masinia yakaletwa, puri zimepangwa kavu, na maji ya nanaa kwenye birika, kila mtu amimine mwenyewe wenzake wakishapata. Ujanja huo wifi aliutoa kwenye kiwiko changu, na hakunitaja.

Mama mmoja mnene aliyekaa karibu nami akala, akafumba macho. "Nani kashika karai?"

"Wifi yangu."

"Ana mkono huyo," akasema, akachukua nyingine. Nikalimeza hilo pamoja na puri yangu, na kati ya hivyo viwili puri ndiyo iliyoteremka.

Kisha wifi akatokea mlangoni mwa ua, akaja kuchuchumaa mbele yangu, unga kwenye nyusi, kanga imeroa jasho. Ile sauti yake ya kumsifu mtoto hakuwa nayo.

"Wifi," akanong'ona, "chumvi vipi? Niambie kabla sijachanganya viazi vingine."

Jibu nilikuwa nalo, tamu kuliko jelebi. Neno moja tu, "ongeza", lingemharibia masinia yote yaliyobaki, na Ikwiriri wangelizungumza mpaka ufuta uvunwe. Nikatafuna taratibu, nikamtazama.

"Iko sawa," nikasema. "Punguza moto."

Akainuka mbio kurudi uani. Nami nikabaki mkekani na baibui langu safi, linanukia udi, nikimwonea wivu mpaka wa lile jasho.