Simu Isiyojua Kunyamaza

Mteja wa Palembang alileta jibu lake Jumatatu asubuhi, kwa ile adabu ambayo watu huitumia wakishaamua. Alisema ameitazama picha mara kadhaa, akamwonyesha na shemeji yake, na wote wawili wameshindwa kukubaliana kama kilichomo ndani ya tundu ni kinda la murai au ni bilinganya. Akamtakia Pak Wiryadi afya njema.

Pak Wiryadi hakukasirika. Aliitazama picha ile yeye mwenyewe, akailaza simu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na akaona kwamba shemeji alikuwa na hoja.

Alikuwa fundi cherehani hapa Delanggu, nyuma kidogo ya reli, na sare za nusu ya watoto wa shule za mji wetu zilipita mikononi mwake. Mbele ya nyumba kulikuwa na cherehani mbili. Nyuma kulikuwa na matundu manane yenye ukubwa wa choo cha nje, na ndani yake murai: ndege mweusi, tumbo la rangi ya chungwa iliyoiva, mkia mrefu kuliko anavyostahili, na koo ambalo limewafanya wanaume wenye akili zao waamke alfajiri kusaka mayai ya chungu wa majimoto wa kuwalisha. Cherehani zililipia mchele. Ndege walilipia kila kitu ambacho Bu Tugiyem, mkewe, hakuwa tayari kukiita mahitaji, ingawa hakuwahi kukikataa kikishafika.

Makinda ya murai siku hizi hununuliwa na watu wasiowaona. Mtu yuko Palembang au Balikpapan, anasikiliza sauti ya baba yao kwenye simu, kisha anataka picha ya kiota siku ya tano, makinda wakiwa bado ndani, ili ajue kwamba kinda atakayeletewa ndiye aliyeonyeshwa. Bila picha inayoeleweka hakuna biashara. Na simu ya Pak Wiryadi ilikuwa imefikia umri ambao kila ilichokitazama ilikiona cha zambarau.

Inafaa kueleza kwamba hakuwa mtu wa kukurupuka. Alimposa Bu Tugiyem kwa miaka minne, na mwenyewe Bu Tugiyem husema kwamba mitatu kati ya hiyo bado alikuwa anachukua vipimo. Vigae vya paa la jikoni alivifikiria misimu mitatu ya mvua. Msimu wa tatu mkewe alipika akiwa amevaa koti la mvua, bila kusema neno, na mafundi wakaitwa.

Kwa hiyo ujumbe wa Jatmiko ulipoingia jioni ile ile, ulimkuta mtu asiyefaa kabisa kuwekewa tarehe ya mwisho.

Jatmiko alikuwa mtoto wa mdogo wake. Alikuwa anamaliza miaka mitatu ya kushona viti vya magari katika kiwanda kimoja Japani, kwa hiyo ufundi wa ukoo ulikuwa umekwenda ng'ambo hata kama haukubadilika sana. Angerudi Jumamosi. Aliandika kwamba ameona dukani simu ya mtumba, imetumika mwaka mmoja, kioo hakina hata mkwaruzo, haijafungwa kwa kampuni yoyote ya simu, ukiweka laini yako inashika, na bei yake haifiki nusu ya bei ya Solo. Kamera yake ilihesabu manyoya. Muuza duka angemwekea mpaka Ijumaa saa moja jioni, ambayo kwetu ni saa kumi na moja. Pakde, yaani baba mkubwa, aseme ndiyo au hapana.

Pakde alisema ngoja kwanza.

Kesho yake alfajiri alikwenda kwa Pak Gunarso kunyolewa, ingawa alikuwa amenyolewa wiki iliyopita. Pak Gunarso ni kinyozi, tena ni mwamuzi wa mashindano ya ndege wa kuimba, na kwa kuwa watu wote huzungumza wakiwa kwenye kiti chake, anajua mambo mengi ambayo hakuyatafuta. Alieleza mambo ya forodha kwanza: simu ya kutoka nje lazima namba yake isajiliwe palepale uwanja wa ndege, la sivyo baada ya muda mtandao unaikataa na unabaki na kioo cha bei ghali. Jatmiko ni kijana makini, hilo halina shida. Dhamana hakuna, ikifa imekufa. Hilo nalo lilivumilika, kwa kuwa hata simu ya sasa ilikuwa katika hali hiyo hiyo, ila polepole zaidi.

"Simu yenyewe ni nzuri, Pak," alisema Pak Gunarso, akitafuta nywele za kukata. "Ila kamera yake inalia."

"Kila kamera inalia. Unaizima."

"Za kule hazizimwi. Wamekubaliana hivyo kwa sababu ya wanaume wanaopiga picha chini ya sketi za watu kwenye treni. Ukipiga picha, lazima treni nzima isikie."

"Mimi sina treni."

"Una tundu namba nne."

Na tundu namba nne ndilo lililokuwa moyoni mwa Pak Wiryadi. Humo alikuwamo Lurah, dume lake bora, aliyepewa jina la mkuu wa kijiji kwa sababu ya kutembea kwake, pamoja na jike mpya aliyekuwa akilalia mayai matatu. Jike huyo alikuwa na woga mbaya. Murai akishtuka akiwa na makinda huwatupa nje ya kiota mmoja mmoja, kama mtu anayetupa ushahidi. Huyu alikwishafanya hivyo mara mbili: mara moja kwa fataki ya harusi, mara moja kwa kifuniko cha sufuria kilichomponyoka Bu Tugiyem. Akitupa mara ya tatu, hakuna atakayetaka uzao wake tena. Na picha ya siku ya tano hupigwa mkono ukiwa karibu na kiota, karibu kuliko fataki na kuliko kifuniko.

Bila simu mpya, makinda hawauziki. Kwa simu mpya, huenda wasiwepo makinda.

Mtu mwingine angerusha sarafu. Pak Wiryadi alimpigia Jatmiko na kumwomba arudi dukani, awashe kamera ya ile simu, na kwa simu yake nyingine arekodi ule mlio. Jatmiko alikuwa ametoka zamu ya usiku, akaenda duka lilipofunguliwa tu. Alipiga picha za dari ya duka kwa sekunde arobaini huku muuzaji akiinamisha kichwa kila mlio unapotoka, kwa kutojua afanye nini kingine. Alipotuma rekodi hiyo aliongeza ujumbe wa sauti.

"Pakde, ubalozini nilipoomba viza sikuulizwa maswali mengi kama haya."

Mlio wenyewe ulikuwa mkavu na mfupi: *kachá*, kama mkasi mzuri kwenye kitambaa kipya. Pak Wiryadi aliusikiliza akaona si mlio mbaya. Lakini hakuwa yeye aliyekuwa akilalia mayai.

Basi akaanza majaribio, na aliyafanya kwa uangalifu anaoutumia kwenye suti ya bwana harusi. Alichukua ile spika ndogo ambayo kila mfuga ndege wa hapa anayo. Siku ile ya Jumanne aliiweka hatua kumi kutoka tundu namba nne, sauti chini, akaifunika kitambaa ili jike asiione. Jike hakutikisika. Mchana akaisogeza hatua saba. Jumatano akaanza asubuhi na mapema, kabla kelele za mtaa hazijaamka, akarudia rekodi ile kwa nusu saa, akapumzika, akarudia tena. Jioni hatua nne. Alhamisi spika ilikuwa imening'inizwa kwenye wavu wenyewe, sauti imepanda, na jike akalala usingizi. Pak Wiryadi akarudi kwenye cherehani yake akiwa mtu mwenye furaha, akashona suruali sita za bluu bila kusimama.

Saa tisa alasiri Lurah aliimba. Alianza kama kawaida yake, maji yanayomwagika, filimbi ndefu, ngurumo ndogo tatu, akapanda juu kabisa, akavuta pumzi, na kumalizia kwa *kachá*.

Cherehani ikasimama. Lurah akarudia, safari hii mara mbili mfululizo.

Bu Tugiyem alikuwa anachambua mchele barazani. Aliweka ungo chini polepole.

"Spika ndogo," alisema. "Sauti ya chini. Alfajiri, kukiwa kimya. Unarudia nusu saa, unapumzika, unarudia. Si ndivyo unavyowaambia wateja wafanye wakitaka ndege ashike wimbo?"

Pak Wiryadi alikuwa amewaambia watu hivyo kwa miaka ishirini. Alikuwa hata na karatasi aliyoichapisha, yenye hatua zote, na alikuwa amezifuata zote bila kuruka hata moja.

Anayeufahamu mchezo huu ataelewa uzito wake. Murai huuzwa kwa koo, na koo likiingia sauti ya hovyo, mlango wa choo, pikipiki, kikohozi cha babu, bei huanguka na haipandi tena. Sauti ikishaingia haitoki. Pak Gunarso aliitwa. Alikuja na taulo la kinyozi bado begani, akasimama mbele ya tundu namba nne mikono nyuma, kama anavyosimama uwanjani siku ya mashindano, na kusikiliza nyimbo tano nzima.

"Safi," alisema mwishowe. "Kali, fupi, haina mkia. Uwanjani ningempa bendera ya ushindi. Ningejiuliza tu ni ndege gani aliyemfundisha."

"Simu," alisema Pak Wiryadi.

"Usiseme simu, bwana. Sema ni ndege wa Japani."

Pak Wiryadi alisema hawezi kusema hivyo, na Pak Gunarso akasema alijua hawezi, alikuwa anajaribu tu.

Hivyo Ijumaa ilimkuta akiwa na swali lile lile na taabu mpya juu yake. Alirudi kutoka msikitini, akala wali na mboga za majani za karanga bila kuonja, akakaa na simu mkononi. Saa nane ikapita. Jatmiko aliuliza. Pak Wiryadi akaandika kwamba bado anafikiri. Saa tisa. Jatmiko aliuliza kwa alama ya kuuliza peke yake.

Alimweleza mkewe hesabu zake. Kwamba jike hauogopi mlio, hilo limethibitika, na sasa atausikia kwa mumewe mchana kutwa, apende asipende. Kwa upande huo simu haina kosa. Lakini kila picha atakayopiga itakuwa somo jingine kwa Lurah, na makinda watazaliwa ndani ya sauti hiyo, watakua nayo, na wao watawafundisha makinda wao. Wanunuzi wanataka sauti ya msituni.

"Msitu gani?" aliuliza Bu Tugiyem. "Lurah amezaliwa nyuma ya jiko langu."

Pak Wiryadi akakubali kwamba hilo ni kweli.

"Kwenye kola ya kila shati la shule unashona kitambaa chenye jina lako," aliendelea mkewe, sauti ile ile ya kuchambulia mchele. "Shati la elfu themanini. Hawa unawauza mamilioni, na alama yao ni pete ya mguuni ambayo mtu yeyote anaweza kuinunua sokoni. Sasa wamepata alama ambayo hakuna wa kuiiba, wewe unahuzunika. Mwambie mtoto wa watu anunue, aende akale."

Ilikuwa saa kumi na dakika arobaini. Pak Wiryadi alifikiri dakika kumi na mbili zaidi, kwa sababu ndivyo alivyo, kisha akaandika *Nunua*. Jatmiko, ambaye kumbe alikuwa amesimama mlangoni mwa duka tangu saa kumi, hakujibu kwa maneno. Alituma picha ya risiti.

Jumamosi kijana alipanga foleni ya forodha kwa saa mbili, akajaza fomu, akaonyesha pasipoti, namba ikasajiliwa. Jumapili simu ilikuwa Delanggu, laini ya Pak Wiryadi ikaingia na kushika mara moja, na picha yake ya kwanza ilikuwa ya Bu Tugiyem, ambaye alionekana kwa usahihi usio wa lazima na kuamuru ifutwe.

Mayai yalianguliwa katikati ya wiki, yote matatu. Siku ya tano Pak Wiryadi aliingia tundu namba nne saa tatu asubuhi, mwanga ukiwa mzuri. Jike alitoka kiotani, akasimama kwenye tawi hatua moja tu, akamtazama kama mtu anayemtazama msoma mita. Pak Wiryadi akanyoosha mkono wake, akashusha pumzi, akabonyeza.

*Kachá.*

Jike hakuruka. Hakutupa kitu. Lakini kiotani makinda watatu, vipofu, manyoya ndiyo kwanza yanachomoza, walirusha vichwa juu kwa pamoja na kuachama midomo mpaka mwisho, myekundu kama pilipili. Kwa siku tano baba yao alikuwa akiwaletea nyenje mdomoni, na kabla ya kila nyenje aliwaambia neno hilo hilo. Kwao lilimaanisha chakula.

Pak Wiryadi alisubiri wafunge midomo. Akapiga tena, na midomo ikafunguka tena. Alipiga picha ishirini na tatu. Katika zote manyoya machanga yalihesabika, na katika zote watoto watatu walionekana wenye njaa na afya ya ajabu, wakimwelekea mpiga picha kwa imani kamili. Ilibidi aende akalete nyenje, kwa sababu aliona haya.

Mteja wa Palembang alijibu ndani ya dakika tano, na safari hii hakumshirikisha shemeji. Aliwataka wote watatu. Aliuliza tu, kwa adabu, kama Pak Wiryadi hana picha moja ambayo wamefunga midomo, apate kuona umbo la mdomo vizuri.

Pak Wiryadi alimwandikia ukweli, kwamba kwa simu hii haiwezekani.