Nta Kwenye Milango ya Ndege

Kwa miezi mitatu ugomvi wa nyumbani kwetu ulikuwa mmoja tu: ndege ikae wazi au ifunikwe. Ni ndege nyepesi ya viti viwili, niliyoinunua ikiwa imeshatumika na kuiegesha kwenye kiwanja cha vumbi nje ya Kathonzweni. Paa na milango yake ya plastiki hufungwa kwa skrubu; ukitaka unavitoa, ukitaka unavirudisha. Mimi nilitaka upepo usoni. Joto la Makueni likikufungia ndani ya plastiki, unatokota kama mahindi ya muthokoi chunguni.

Mke wangu alikuwa na lake. "Siwezi kaa huko juu kama nimekalia kiti ya jikoni," alisema. "Funga milango, nitapanda. Usipofunga, uza hiyo kitu."

Hakuwa anatania, na bila baraka yake nisingeruka. Nikafunga. Nilinuna wiki nzima, maana mimi ni mtu wa kununa, lakini nikafunga.

Milango ilikwama na kulia. Kwetu Kitui mlango ukikwama tunaupaka nta ya nyuki, basi nikachukua donge kwa mama yangu, nikasugua kila ukingo mpaka ndani kote kukanukia asali. Nikafunika ndege kwa turubai, nikaenda Mwingi kuchomelea mageti kwa wiki tatu. Huku nyuma mvua ikanyesha na miti ikachanua.

Niliporudi, siku ya mke wangu ya kupanda ikafika. Ilikuwa asubuhi na mapema, baridi bado ipo. Alivaa sweta na viatu vya kanisani. Nikatoa turubai, nikakagua mafuta, propela na matairi. Nilipogusa kitasa cha mlango, akanishika mkono.

"Ngoja kwanza."

Akagonga ubavu wa ndege kwa kidole, nyuma ya viti, kisha akatega sikio. Ndivyo baba yake, mfuga nyuki, alivyogonga mizinga yake. Ndani kukaitika mvumo mzito.

"Baba watoto, hii nyumba iko na wenyewe," akasema polepole. "Na ni wengi."

Nikaketi chini palepale. Kwetu ukitaka nyuki wahamie mzinga mpya, unaupaka nta ndani. Hata mtoto anajua. Nami nilikuwa nimepaka kwa mikono yangu, nikaacha tundu la hewa wazi, nikaondoka wakati wa maua. Nikafikiria tukiwa juu, injini imewapasha joto, milango imefungwa kama alivyotaka, na yeye kando yangu. Kikulacho ki nguoni mwako. Changu nilikuwa nimekialika. Nikacheka, kisha machozi yakanitoka kwa ile nafuu ya kumwona amesimama ardhini, mzima, na viatu vyake vya kanisani.

Jioni jirani alikuja na moshi, akawahamishia nyuki mzingani. Jumamosi iliyofuata nilimkuta mke wangu ameshika bisibisi, mlango wa kwanza uko chini.

"Shika huo mwingine," akasema. "Mimi nataka kuona kila kitu chenye nimekaa nacho."

Tukaruka wazi. Upepo ulipompiga usoni alipiga yowe, nami nikadhani ni hofu, mpaka aliponigonga bega na kuniashiria nizunguke tena.

Hadi leo, ingawa milango haipo, hapandi kabla ya kugonga ubavu na kusikiliza. Mimi, mtu wa kununa, nasimama kimya nikingoja aseme, "Twende."