Mikate ya Malaika kutoka Nyumba Yenye Msiba

Moshi ndio uliomsema Insaf. Siku ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, katika joto la Bauna, mwezi wa kiangazi wa Wakristo wa Kikopti wa Misri, tanuri lake lilianza kufuka kabla jua halijapanda juu ya majabali ya chokaa, na kijiji kizima cha Nazlat Bishai kikauona moshi wake. Ulikuwa moshi wa mabua ya mahindi, mweusi, mnene, usio na haya. Na nyumba ile ilikuwa na msiba. Nyumba yenye msiba haipiki vya sikukuu mpaka mwaka uzunguke. Hata mtoto wa kunyonya analijua hilo.

Wifi yake, Rawhiya, hakubisha hodi. Aliingia na shela imemkaa upande, mguu mmoja una ndara, mwingine hauna.

"Insaf! Niambie unachoma takataka."

"Nachoma takataka," akajibu Insaf, mikono imezama kwenye unga mpaka viwikoni.

"Na hicho ni nini?"

"Takataka yenyewe. Ina ufuta na habasoda. Nisogezee hayo mafuta."

Rawhiya hakusogeza kitu. Alisimama akitazama ule unga uliokwisha kuumuka kama tumbo la mja mzito, akaanza kujipiga mashavu taratibu, kama mtu anayepasha moto kilio.

"Umerukwa na akili, wewe mwanamke. Kaburi la mtoto halijakauka!"

"Limekauka. Nchi hii kipi hakikauki? Lete mafuta."

Basi huyo ndiye Insaf. Mabega mapana, sauti ya kuitia ng'ombe ng'ambo ya mto, na ulimi ambao mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa akisema ungeweza kukatia mawe machimboni bila umeme. Aliletwa kijijini akiwa bibi harusi kutoka upande wa magharibi wa Naili, akakaa miaka na miaka bila mtoto. Wanawake walimtazama tumbo kabla ya kumtazama uso. Rawhiya huyuhuyu alipata kusema kisimani, mbele za watu, kwamba kaka yake kaoa mlango uliofungwa. Insaf alilisikia, akajitwika mtungi wake, akaenda zake. Jioni ile alisimama mbele ya picha ya Malaika Mikaeli kanisani, akamwomba amwombee kwa Mungu. Na akaweka nadhiri kwamba akipewa mtoto, kila sikukuu ya Malaika ataoka mikate na kuigawa nyumba kwa nyumba, ya Mkristo na ya Mwislamu, bila kuuliza ya nani. "Kila mwaka nitakaokuwa na mikono," ndivyo alivyosema. Akapewa Wisa.

Mikate ya Mama Wisa ikawa na jina. Watu waliijua kwa harufu. Mwaka mmoja tu haikuokwa, mwaka aliokufa mumewe kwa kifua kilichojaa vumbi la chokaa. Mama mkwe alikuwa bado hai, akasema nyumba yenye msiba haiwashi tanuri, na Insaf akatii. Alikuja kujuta. "Mwaka ule," alikuwa akisema, "nilikiachia kifo kikaingia mpaka jikoni kwangu, kikaniamuru nipike nini."

Halafu Wisa naye akaenda machimboni, kama baba yake, kwa sababu pale hakuna kazi nyingine ya kijana mwenye nguvu. Na katika mfungo mkuu, kabla ya Pasaka, waya wa mashine ya kukatia mawe ulichubuka, umeme ukamshika. Walimleta akiwa mweupe kwa vumbi, kope hata nywele, mama yake akadhani wamemletea sanamu.

Sasa, kila aliyelelewa katika kanisa lile anajua kwamba hakuna ibada inayoanza bila sala ya shukrani. Ubatizo huanza kwa shukrani, harusi huanza kwa shukrani, na maziko vilevile. Abuna Makari, kasisi wa kijiji, alisimama mbele ya jeneza la Wisa akaanza kama ilivyo desturi: tumshukuru Mungu mwenye rehema, mtenda mema, kwa kuwa ametufunika, ametusaidia, ametulinda.

"Ametulinda?" Sauti ya Insaf ilipasua kanisa. "Kamlinda nani hapa, Abuna? Huyu?"

Hata watoto waliacha kukohoa. Abuna Makari alijifuta macho kwa ncha ya mkono wa kanzu yake nyeusi, akaendelea kutoka neno lilelile alipokatizwa. Insaf alitamani kumtupia kiatu.

Siku ya tatu Abuna alikuja nyumbani na maji na ubani, kusali sala ya kuondoa kilio, kama wafanyavyo. Insaf akamsimamisha mlangoni.

"Utaanza tena na ile yako?"

"Nitaanza nayo."

"Mbele yangu? Kwenye kizingiti changu?"

"Binti yangu," akasema Abuna, na alikuwa na uchovu wa mtu asiyelala, "Wisa nilimbatiza kwa mikono hii. Unafikiri mimi napenda kuanzia hapo? Sina pengine pa kuanzia. Ungekuwa napo ungenionyesha."

Insaf aliudhika. Akasogea kando, Abuna akapita.

Baada ya hapo alijaribu kupatafuta hapo pengine. Alijaribu kuanza sala zake kwa kilio. Alijaribu kuanza kwa kuilaani ile mashine. Alijaribu kuanza kwa kumuuliza Mungu maswali, tena kwa ukali, mkono kiunoni. Na kila alipofika katikati alikuta anasema jambo moja: ulinipa, mbona umechukua? Ulinipa. Neno hilo lilikuwa chini ya yote, kama mwamba chini ya mchanga. Angechimba upande wowote, jembe lingelia palepale. Maana asiyekupa kitu huwezi kumgombeza. Utamgombeza kwa lipi? Ili agombane na Mungu juu ya Wisa, ilimlazimu kwanza akiri kwamba Wisa alitoka kwa huyo Mungu, na kwamba kijana alikuwa mwema, mwema hasa, mwema wa kumfanya mtu aimbe akifua nguo.

Kingine kilichomkera ni watu. Ghafla hakuna aliyemwita Mama Wisa. Walilikwepa jina hilo kama shimo la njiani. Kule kwenye kinu cha unga mwenye kinu alimwambia, "Karibu, bi mkubwa."

"Bi mkubwa ndiye nani?"

"Wewe, mama. Nasema tu kwa heshima."

"Heshima yako weka kwenye gunia. Mimi Mama Wisa. Nilizaa, sikuota."

Ndivyo ilivyokuwa mpaka asubuhi ile ya moshi. Rawhiya alikuwa ameacha kujipiga mashavu, sasa analia kweli, na sauti yake imeshuka.

"Insaf, wifi yangu, nisikilize. Nadhiri imekwisha. Uliyemwekea nadhiri hayupo."

"Nadhiri sikumwekea Wisa. Nilimwekea Mungu. Naye hayupo?"

"Watasema unasherehekea!"

"Waseme. Kifo kimemchukua mwanangu, hilo nimeshindwa. Lakini shukrani yangu ni mimi niliyeikanda, hakinipokonyi hii. Kikitaka kije hapa kiniambie uso kwa uso."

"Usikiite!" Rawhiya akaziba masikio. Hapo ndipo lilipomtoka la moyoni. "Mikate ya nyumba yenye msiba huita jeneza jingine, hata mama alikuwa akisema. Na mwanangu Nasif yuko machimboni, Insaf. Kwenye mashine ileile. Uioke, lakini kwangu isifike. Tena nikitoka hapa napita kila mlango. Hakuna atakayekula."

"Pita," akasema Insaf, akivingirisha donge la kwanza. "Ila uvae ndara ya pili, utajichoma miba."

Rawhiya alipita kweli. Insaf alipotoka na sinia kichwani, kavaa nyeusi tupu toka shela mpaka miguuni, mikate ikiwa bado inavuta mvuke na kunukia njia nzima, alikuta milango imekwisha kufundishwa la kusema. Na mikate ya Malaika, jamani, haina maana ikikaa kwenye sinia. Haipelekwi madhabahuni, haiwekwi akiba. Ikiliwa na watu ndipo inakuwa shukrani. Isipoliwa ni unga uliopotea.

Mlango wa kwanza: "Ah, mama, tumefunga. Mfungo wa Mitume."

"Unanifundisha kufunga mimi? Hamna samli humu, wala yai. Ni mafuta ya mimea, ya mfungo."

"Basi... meno yananiuma."

"Juzi nilikuona unavunja muwa!"

Mlango ukafungwa pole pole, kwa adabu. Wa pili, mwenyewe alikuwa ndani, kivuli chake kinaonekana chini ya mlango, lakini aliyejibu ni mbuzi. Wa tatu walipokea mkate kwa mikono miwili na baraka nyingi. Kabla Insaf hajafika kona ya njia aligeuka, akaona kuku wanaudonoa. Alirudi, akawafukuza kuku, akauokota mkate, akaupangusa vumbi, akaubusu, akaurudisha kwenye sinia. 

Alipita mbele ya kanisa bila kusimama. Abuna Makari angekula. Angempa hata jiwe Abuna angelitafuna kwa upole. Lakini yeye hakutaka upole. Alitaka mtu ale mkate kwa sababu Mungu ni mwema, akiwa anajua alichokula na kimetoka nyumba gani.

Alasiri, jua likiwa limewaka mpaka ukutani kunachemka, alisikia pikapu ya wachimbaji ikishuka kutoka majabalini. Akajua pa kwenda. Akashuka mpaka njia panda, akasimama katikati ya barabara, sinia kichwani, miguu imeachana. Dereva, Mahrusi, alipiga honi. Akapiga tena. Mwishowe akafunga breki, vumbi likawafunika wote.

"Mama, utakufa!"

"Foleni ni ndefu, sijafikiwa. Shukeni."

Nyuma ya gari wanaume walikaa weupe kama mizimu, Wakristo na Waislamu huwezi kuwatofautisha, macho tu ndiyo yanayong'aa. Walikuwa wenzake Wisa. Tangu maziko hakuna aliyemtazama usoni. Nasif alikuwamo, kainamisha kichwa.

"Nimesema shukeni! Mnaniogopa? Kule mnashika mashine inayoua, huku mnaogopa mkate?"

Wakashuka, mmoja mmoja. Insaf akaliweka sinia juu ya boneti ya gari, moto juu ya moto, akasimama akielekea mashariki, na kwa sauti ileile aliyomkatiza nayo Abuna akaianza sala ya shukrani. Hakuiimba. Aliisema kama mtu anayedai haki yake barazani. Alipofika kwenye neno "ametulinda" akapiga ngumi kwenye boneti, mikate ikaruka, akalisema neno hilo mara mbili.

"Amina," akasema Mahrusi, ingawa sala haikuwa yake.

Wakati huo Rawhiya alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa nyumba, shela mkononi. "Nasif! Nasif, usile! Nakuapiza kwa maziwa niliyokunyonyesha, usile!"

Nasif alimtazama mama yake, akalitazama sinia. Watu wote pale walijua mashine aliyoitoka saa ile, na kwamba kesho alfajiri ataishika tena, ale asile.

"Mama," akasema, "Wisa alikuwa ndugu yangu. Nimekaa miezi nalia kimya kama mwizi." Kisha akamgeukia Insaf. "Nipe, Mama Wisa."

Jina hilo lilimfikia Insaf mahali ambapo hakuwa amejiandaa. Alimpa mkate bila kumtazama. Nasif akauma, akatafuna na vumbi la midomoni, akameza. Hakuanguka. Ndipo mikono mingine ikaja. Mahrusi alisema bismillahi akachukua wa kwake, akasema ana mke mjamzito, akachukua wa pili, akasema ana mama mgonjwa.

"Na wa tatu wa nani?" akauliza Insaf.

"Wa honi, Mama Wisa. Nimekupigia honi, nimekosa adabu."

Mtu akacheka. Kicheko kilitoka kikavu, chenye chokaa, lakini kilikuwa kicheko, na Insaf hakukikataza.

Rawhiya alikuwa amechuchumaa kando ya barabara, kichwa mikononi. Insaf akamwendea na mkate mmoja.

"Kula."

"Naogopa, Insaf."

"Hata mimi naogopa. Nani kakwambia siogopi? Ogopa huku unakula."

Rawhiya aliushika mkate mkononi, akiupinda huku na huku kama anayetafuta ulipojificha ubaya. Wanaume walikuwa wanapanda tena garini, Nasif anapangusa ufuta kwenye ndevu. Hatimaye aliumega, kipande kidogo kama cha kulisha ndege, akakitia mdomoni. Akatafuna. Akaumega tena.

"Habasoda imezidi," akasema, machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. "Mwaka jana haikuwa hivi."

"Mwakani," akasema Insaf, akilitia sinia tupu kwapani, "utakuja kukanda mwenyewe."