Kamera ya Lupe

Lupe, mpiga picha wa sherehe zetu hapa Apia, hakuacha kupuliza lenzi kabla ya kupiga, hata pasipo na vumbi. Alipotaka kuhamia Auckland kwa mwanawe, nilimsindikiza akauze kamera. Fundi wa duka aliiunganisha na kompyuta ili ajue imefyatuka mara ngapi.

"Laki mbili na ushee! Shangazi, ulikuwa unapiga picha kila nzi wa Apia?"

Nilishtuka. Lupe hakuwahi kufuta picha hata moja, na zote alizohifadhi hazifiki laki moja.

"Nyingine ziko wapi?" nikamuuliza.

"Kadi ikijaa naitoa, naendelea kufyatua hivyo hivyo bila kadi. Chifu amesimama mbele yako na mkeka wake wa kutoa msibani, utamwambia kadi imejaa?"

Mwaka mzima nilikuwa nikisubiri picha ya marehemu mama, ambayo Lupe alimpiga kwenye harusi ya kaka yangu.

"Na mama je?"

Aliichukua kamera mezani, akapuliza lenzi. Kesho yake alisafiri, na neno lake la mwisho kwangu likabaki lile la dukani:

"Alicheka, mdogo wangu. Mimi nilimwona."