Mikono ya Naisiae Ndani ya Miwani

Baridi yabisi ilipomshika vidole, Naisiae wa Olmotonyi hakulalamika. Alilia siku aliposhindwa kutunga shanga. Ametunga miaka arobaini, na mimi jirani yake ninazo shanga zake: kila mwisho wa safu hurudisha uzi mara mbili, hivyo uzi ukikatika unapoteza safu moja tu. Kazi hiyo alitaka kumwachia mjukuu wake Nashipae, anayemwita koko, yaani bibi, lakini vidole vikagoma kabla mtoto hajashika lolote.

Ndipo akaja Tabea, binti wa mdogo wake, anayefanya kazi za kompyuta mjini.

"Shikamoo, mama mkubwa. Nataka kuiweka mikono yako ndani ya miwani ya kompyuta. Mtu akiivaa ataona mikono yako hasa ikimfundisha, hata wewe ukiwa umelala."

"Na Nashipae ataiona?"

"Wa kwanza."

Siku ya picha Naisiae alijipaka mafuta mpaka mikono ikang'aa. Nani aende mbele ya kamera amepauka? Kumbe kamera ile haisomi kinachong'aa. Tabea akamwosha kwa sabuni, akampaka poda kama mtoto mchanga, nasi tukacheka mpaka basi. Zikapigwa picha mia mbili: kila mkunjo, kovu la panga, kidole cha mwisho kilichopinda. Kisha kwa siku nne Naisiae alijikaza akatunga mbele ya Tabea, anauma meno kwa maumivu, ili binti aone uzi unavyorudi.

Uzinduzi ulifanyika ukumbi wa kanisa. Naisiae akavaa miwani.

"Ni yangu! Hata kovu lipo!"

Nilifurahi naye. Picha ilionekana pia ukutani, kwa hiyo wote tuliona: mikono ya Naisiae inatunga haraka haraka, inafika mwisho wa safu, inapita zake. Uzi haurudi.

"Huyu si mimi," akasema.

"Mikono ni yako, mama mkubwa. Mwendo ni wangu. Nilivaa glavu za kompyuta nikatunga mwenyewe. Ile namna yako ya kurudisha uzi inachelewesha, wageni hawana subira."

Nilitamani kumzaba kibao palepale, Mungu anisamehe. Unamvua mtu ngozi, unaivaa, halafu unalipua kazi kwa jina lake! Na akina mama wanapiga makofi. Naisiae alivua miwani.

"Mwanangu, mimi nilikuamini," akasema, akatoka nje.

Kesho yake nilikuwa kwake tunachambua mboga. Nashipae, aliyevaa miwani jana baada ya bibi yake kutoka, alikaa kando na shanga, akafika mwisho wa safu, akaendelea. Naisiae akamshika mkono kwa vidole vyake vibovu.

"Rudisha uzi, mama. Mara mbili."

Mtoto akauchomoa mkono taratibu, kwa heshima zote.

"Hapana, koko, umesahau tu. Mimi nimeiona mikono yako."