Waliniambia nimembemenda mwanangu, kumbe mwili wake ulikosa protini

Wakuu, nawasalimu. Wakubwa wangu kama mpo humu, shikamooni.

Ninayoandika nimeyapitia mwenyewe. Anayetaka chai, yaani stori za kutunga, nyuzi zake ziko nyingi humu.

Nimesukumwa na komenti ya mdau mmoja, eti mtoto akivimba miguu ujue mama yake kambemenda. Yaani mpaka leo! Mimi ni bibi sasa, nina wajukuu, lakini hasira iliyonipanda ni ileile ya ujana wangu.

Kwa wasiojua: kumbemenda mtoto ni kulala na mwanaume wakati bado unanyonyesha. Wanasema maziwa yanaharibika, mtoto anadhoofika. Anayelaumiwa ni mama. Baba wala hatajwi.

Basi ilikuwa enzi za Ujamaa. Nimetoka kidato cha nne, nikaolewa kijiji kimoja upande wa Itigi.

Tulikuwa tumehamia kijiji kipya. Nyumba mstari mmoja, shule ipo. Ila ng'ombe walibaki mbali kwenye malisho ya zamani, kwa hiyo maziwa yakakata.

Binti yangu wa kwanza, Neema, ndiyo kwanza anajua kukimbia, nikashika mimba nyingine. Nikamwachisha ziwa. Asubuhi uji wa uwele, jioni ugali na mlenda. Tumbo linajaa, basi.

Mashavu nayo yakaanza kujaa.

"Mama Neema, mtoto anawanda!" majirani wananipongeza. Mama mkwe anamzungusha kijijini kama timu iliyochukua kombe.

Lakini mimi naona nywele zinageuka rangi ya kutu, zinanyofoka. Mtoto hacheki, hachezi, amenuna tu.

Siku moja namwosha miguu, nikabonyeza kwa dole gumba. Nilipotoa dole, shimo likabaki palepale.

Nikaikumbuka biolojia ya shule.

Ngoja niwaeleze, msikimbie. Protini ni kama uzi wa shanga. Shanga zenyewe ni amino asidi. Uzi ule unajikunja kwa namna yake, na mkunjo ndio unaoamua kazi: huyu abebe oksijeni, huyu ajenge msuli. Kuna mmoja anaitwa albumini, yuko kwenye damu, kazi yake kuzuia maji yasitoke ovyo kwenye mishipa. Akipungua, maji yanavujia kwenye nyama.

Kwa hiyo yale mashavu ya kupongezwa yalikuwa maji!

Habari ya DNA nilikuja kuielewa baadaye. Iko kwenye kiini cha seli, imebeba maelekezo ya kila protini. Seli inatoa nakala, ndiyo RNA, inaipeleka kwa fundi. Sasa ramani unayo, fundi unaye, matofali, yaani zile amino asidi, huna. Utajenga na nini? Na baadhi ya hayo matofali mwili hauwezi kuyafyatua wenyewe, lazima uyale.

Nikampeleka zahanati. Nesi akasema nilichohofia, ni unyafuzi, mwili umekosa protini, akaniagiza: maharage ya kupondwa, karanga, maziwa nikipata, mayai. Kidogo kidogo, mara nyingi.

Mayai! Wakuu, uani kwetu kuku walikuwa wanakanyagana. Ila mayai yalikuwa ya kuchemsha na kupeleka stesheni kwa abiria wa treni. Mtoto akila yai, atakuwa mwizi. Mjamzito akila, atazaa kipara.

Nikamwomba mama mkwe mayai. Akaniitia kikao, yeye na shangazi wa mume wangu.

"Umembemenda mjukuu wangu," akasema. "Tumbo lako hilo linakushitaki. Kesho urudi kwenu. Mtoto tunampeleka kwa mganga."

"Mama, kwa heshima zote, mtoto ana njaa."

"Njaa, na mashavu yale?"

Shangazi akacheka. "Muacheni msomi. Kapelekwa shule akajifunze kula mayai."

Mume wangu? Alikuwa anachunguza kucha zake.

Kwenye kona ya jikoni kulikuwa na kuku ameanza kuatamia siku hiyohiyo. Nikamwonyesha.

"Mama, huyu kuku akitotoa na Neema hajabadilika, nafunga khanga zangu naondoka, wala msinisindikize. Ila mpaka hapo chakula chake napika mimi. Na mayai nipewe."

Mama mkwe akamtazama yule kuku, akanigeukia. "Haya. Mtoto akiharibika, utabeba mwenyewe."

Nikaanza kupika. Yai nikishalichemsha na kulimenya nautazama ute ulivyoganda mweupe. Ni protini zilezile, moto umezikunjua zikashikana. Naponda, nachanganya kwenye uji wenye karanga, namlisha vijiko vichache, napumzika, narudia.

Halafu mtoto akakonda!

Maji yalikuwa yanatoka, wakuu, ndiyo dalili ya kupona. Lakini nani angenielewa? Mbavu zikaonekana. Shangazi akaja na kitenge cha kumbebea. "Sasa unamkausha kabisa. Lete mtoto."

Nikakaa mlangoni na mchi. "Atakayemgusa, tutajuana."

Akanizunguka, akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma akahakikishe kama mayai ya yule kuku bado yapo au nimeyamaliza. Kuku akamdonoa mkono. Shangazi akaruka, kilemba kule, ndala kule.

Neema akacheka.

Kwikwikwi! Mtoto aliyenuna muda wote ule, anacheka mpaka anakohoa. Kisha akanishika gauni. "Mama, yai."

Mama mkwe alikuwa amesimama uani, kasikia kila kitu. Alienda mwenyewe kwenye kapu la stesheni, akachagua yai kubwa, akaniwekea mkononi.

Vifaranga vilipotoka, Neema ndiye aliyevikimbiza. Habari ya kurudi kwetu hakuna aliyeigusa tena.

Baadaye mtoto wa jirani naye akavimba. Wanawake wakaanza, kabemendwa, kabemendwa. Mama mkwe akawakatiza: "Bemenda gani? Bonyezeni mguu! Mpeni yai!" Utadhani kagundua yeye. Nilijifungia ndani nikacheka hadi machozi.

Nilichojifunza: mtoto kujaa tumbo siyo kushiba, na mama aliyechoka siyo mchawi wa mwanawe. Ukiona amebadilika, angalia sahani yake kabla hujaangalia kitanda cha mama yake.

Haya, wa Singida, Dodoma na Tabora, kwenu mwiko wa mayai ulikuwaje? Shusheni hapa. Ila kama unaye mtoto mguu wake unabonyea sasa hivi, usiniandikie kwanza. Nenda zahanati, komenti utaweka ukirudi.