Bajaji Inayotoa Maji

Mjomba alinisomesha kwa petroli. Pale Mkange, miaka ambayo kituo cha mafuta kilikuwa mbali, yeye ndiye aliyekuwa kituo: mapipa ubavuni mwa nyumba, na meza kando ya barabara yenye chupa za petroli zikiwangoja bodaboda wa kwenda Saadani. Ada yangu, godoro la bweni, hata gauni la siku ya kuhitimu, vyote vilitoka humo. Kwa hiyo niliporudi Bagamoyo kutoka masomoni ng'ambo, nikasema nataka kutengeneza chombo kisichotumia petroli, aliona nimemtukana.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Nasikia umekuja kunikatia riziki."

Nikamweleza. Kule nilikosoma nilipanda mabasi yanayotumia haidrojeni, gesi inayopatikana maji yakitenganishwa kwa umeme. Ndani ya basi gesi hiyo hukutana na hewa katika kifaa kinachoitwa seli, na hapo unazaliwa umeme wa kuzungusha mota. Moshi hakuna. Nyuma hutoka mvuke na matone ya maji.

"Unaanza na maji, unaishia na maji," mjomba alisema. "Umekwenda mbali kweli kweli."

Nilikuwa nimeajiriwa kufundisha kwenye chuo cha ufundi, na mkuu wangu aliniachia pembe ya karakana. Mwalimu wangu wa kule alikuwa amenipa seli kuukuu iliyostaafishwa maabara. Nikatafuta bajaji iliyokufa injini, nikaing'oa injini yenyewe na tangi lake, nikafunga mota. Gesi niliitengeneza kwa umeme wa sola zilizoko juu ya paa. Kusema hivi ni rahisi. Kufanya kulinitoa jasho. Koki ilivuja, nyaya zililiwa na chumvi ya pwani, na kuna siku nilikaa sakafuni nikalia kwa hasira, kisha nikainuka nikaendelea, maana kulia hakufungi nati.

Asubuhi moja ya Jumamosi ikatembea. Ilitembea kimya kiasi kwamba mbuzi waliokuwa njiani hawakusikia kitu, mpaka nikapiga honi.

Haikuchukua muda, mtaani ikavuma kwamba binti yule wa chuo anazunguka na bomu. Mwenyekiti wa mtaa akaitisha mkutano. Watu walijaa uwanjani, na mstari wa mbele, katika kanzu yake nyeupe, alikaa mjomba. Alikuwa amesafiri kutoka Mkange kuja kusema dhidi yangu.

"Mimi nimeuza mafuta maisha yangu yote," alisema. "Petroli tunaijua. Hii gesi yake hatuijui. Ikilipuka sokoni, nani atajibu?"

Watu wakaitikia kwa kichwa. Kabla sijasimama, alisimama mama yangu, dada yake wa tumbo moja.

"Kaka, kunja mkono wa kanzu."

Mjomba hakukunja, lakini hapakuwa na haja. Wote waliomfahamu walilijua kovu lile kutoka kiganjani hadi kiwikoni, alilolipata jioni alipomimina petroli karibu na kibatari.

"Mkono huo uliunguzwa na nini?" mama aliuliza. "Haidrojeni?"

Ndipo nami nikasema yangu. "Jamani, gesi hii inawaka, sitawadanganya. Mtungi nimeuweka nyuma, penye upepo, na kipo kifaa kinachopiga kelele gesi ikivuja. Atakayenionyesha kosa, nitalirekebisha leo hii. Atakayeniambia niache kwa sababu tu anaogopa, siachi."

Nikaiwasha bajaji, nikaizungusha uwanjani mpaka bomba la nyuma likadondosha maji kidogo kwenye kikombe nilichokitundika. Nikakiinua, nikanywa.

"Subirini aanguke," mwanamke mmoja alisema. Walicheka, na mimi nikacheka, bado nimesimama.

Mwenyekiti akaamua kwamba nizunguke ndani ya mtaa tu, barabara kuu nisiiguse hadi wakaguzi wa vyombo vya moto waje. Hilo nilikubali, kwa kuwa ni haki. Alipoongeza kwamba pengine ningeuacha mchezo huu nikaolewa, nilimwambia mbele ya watu wote kwamba kuolewa hakujawahi kuendesha bajaji. Kisha mama akapanda kiti cha nyuma, akatandaza khanga yake magotini, akaniamuru nimpeleke nyumbani.

Siku iliyofuata mjomba alikuja karakana.

"Wewe na mama yako mmenivua nguo mbele za watu."

"Samahani, mjomba. Lakini ulikuja kunizuia njia."

"Sitapanda kitu hicho."

"Sijakuomba upande."

"Nilikusomesha mimi!"

"Ulinisomesha," nilimwambia. "Basi nimesoma."

Aligeuka akaondoka. Nampenda, na nilikuwa sijawahi kumjibu yeye namna ile. Lakini neno lile silirudishi. Sikukuu ilipofika alikuja kula pilau kwetu kama kawaida. Hakuuliza habari za bajaji, nami sikuificha. Ilisimama mlangoni, akapita kando yake kwenda kunawa mikono.

Wakaguzi hawajafika mpaka ninapoandika haya. Kituo cha haidrojeni hakuna hapa, wala Chalinze, wala kokote ninakokujua nchini. Gesi huniishia mbali na karakana, nikashuka nikasukuma, na vijana wa bodaboda hunipita wakipiga honi.

"Mwalimu, hiyo utaijazia wapi?" mmoja aliniuliza juzi, akipunguza mwendo kunicheka.

Nilikuwa nahema, baibui limeniganda mgongoni. Nikamwonyesha jua. "Pale," nikasema, nikaendelea kusukuma.